Kombi ya Kupozwa kwa Hewa: Kutengeneza Injini Nairobi Bila Kuifungua Ovyo

Peleka Kombi ya zamani kwa fundi wa Nairobi, mwambie imepoteza nguvu, na mara nyingi utajibiwa: tufungue injini. Usikubali haraka. Injini hii ya Volkswagen haina rejeta wala maji. Inapozwa na feni, na mabati yanayoelekeza upepo, na oili. Kinachoiua ni joto, na joto hilo kwa kawaida linaletwa na kitu kidogo kilicho nje: mabati yaliyotupwa, valvu zilizobana, moto wa plagi unaopiga mapema, petroli inayoingia pungufu. Ukiweka pistoni mpya halafu ukairudisha injini katika hali ileile iliyoiunguza, itaungua tena.

Kwa hiyo tutaanza na kazi za bei ya chini, injini ikiwa mahali pake, na kuishusha kutakuja mwishoni kama bado kuna haja.

Vipimo vya hapa ni vya injini ya 1600, ile ambayo nyumba ya feni imesimama wima na dainamo imepita katikati yake. Kombi zilizokuja na injini ya 1700, 1800 au 2000 zina feni iliyofungwa moja kwa moja kwenye kranki, ile shafti kuu ya injini, na vipimo vyake ni vingine. Chungulia kwanza ujue unayo ipi.

Vifaa na spea

Utahitaji spana za 10, 13 na 17, soketi ya plagi, spana ya 21 ya nati ya puli ya dainamo, bisibisi pana, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), geji ya kompresheni na taa ya taimingi. Spana nzuri za mtumba ziko Gikomba. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza si lazima ununue, lakini azima siku ya kufunga hedi, vile vichwa vya silinda. Usiruhusu mtu akuambie mkono wake unajua.

Spea za kawaida kama plagi, pointi, mkanda wa feni na gasketi tafuta Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan, na nenda na kipande cha zamani mkononi. Maelezo ya mdomo hukuletea kitu cha gari lingine. Brazili iliendelea kuunda Kombi za injini ya hewa hadi 2005, na ndiyo maana vipande vipya bado vinapatikana. Keisi ya injini, yaani mwili wake mkuu, ndiyo ngumu kupata ikiwa nzima, kwa hiyo itunze kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari hilo.

Hatua ya kwanza: mipira ya petroli

Hii haingoji. Kombi nyingi zimeishia kuwa majivu kwa sababu ya mpira wa petroli wa bei ya chini kuliko sahani ya pilau. Chomoa bateri, kisha kunja kila mpira kwa vidole. Ukiona nyufa, au ukisikia umekuwa mgumu, kata ubadilishe wote, kuanzia tangi hadi kabureta, na ufunge klipu kila mwisho. Shika pia ule mrija mfupi wa shaba unaoingia kwenye kabureta. Ukizunguka au ukitoka kwa mkono, usiwashe gari hadi ushikizwe imara. Filta ya petroli isining'inie juu ya distributa, kile kinachogawia plagi moto, ambako cheche zinaruka.

Keisi ya injini ina madini ya magnesi (magnesium) ndani yake. Ikishaanza kuwaka, maji huzidisha moto. Weka mtungi wa unga wa kuzimia moto karibu na kiti cha dereva, si nyuma karibu na injini, kwa sababu huko ndiko moto utakakokuwa.

Hatua ya pili: pima kabla ya kuhukumu

Mwaga oili ikiwa na joto. Injini hii haina filta ya oili ya kawaida, ina chujio la waya tu chini ya sampu (tumbo la oili), lililoshikwa na nati sita ndogo. Fungua uangalie. Tope jeusi ni la kawaida. Chembe zinazong'aa za rangi ya shaba zinakuambia beringi zimekwisha, na hapo injini itafunguliwa tu, hakuna dawa ya chupa. Vipande vya silikoni vikijaa humo, ujue aliyekutangulia alitumia gundi badala ya gasketi. Unaporudisha kifuniko, nati hizo zikaze kidogo tu, kama Nm 7. Zikikazwa kwa hasira bati hujipinda na kuvuja milele. Oili mpya ni lita 2.5, SAE 30 au 20W-50, na uibadilishe kila kilomita 5,000.

Kisha shika puli kubwa ya kranki kwa mikono miwili, uisukume mbele na kuivuta nyuma. Mchezo unaoruhusiwa ni kati ya milimita 0.07 na 0.13, ambao hauusikii kwa urahisi. Ikigonga, beringi ya flaiwili (gurudumu zito lililo mwisho wa kranki) imekula kitako chake kwenye keisi. Hiyo nayo ni kazi ya kufungua.

Cha tatu ni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Pasha injini moto, toa plagi zote nne, mtu akanyage petroli hadi mwisho, piga stata hadi sindano isipande tena. Hapa ndipo watu wengi wa Nairobi wanapotapeliwa, wakati mwingine na vitabu vyenyewe. Vitabu vya ufundi vinasema injini nzima inatoa kati ya psi 100 na 130. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na uzito wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Injini inayosoma 110 kule Likoni itasoma karibu 90 ikiwa Industrial Area, bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo usiogope 90. Angalia tofauti: tatu zikisoma 90 na moja 55, hiyo moja ina tatizo.

Ukipata iliyo chini, usihangaike na ule ujanja wa kumimina kijiko cha oili kwenye silinda. Silinda hizi zimelala ubavu, oili inabaki upande wa chini na kukudanganya. Afadhali upeleke pistoni ya silinda hiyo juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, uingize upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, usikilize. Upepo ukitokea ekzosi, ni valvu ya kutoa moshi. Ukitokea kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ukitokea pale unapomiminia oili, ni ringi.

Hatua ya tatu: valvu

Kazi hii inafanywa injini ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku mzima. Asubuhi ya Julai Nairobi inakufaa zaidi kuliko saa nane mchana. Kipimo cha 1600 ni milimita 0.15 kwa valvu zote nane.

Jua namba za silinda kwanza, maana hukosewa sana. Simama nyuma ya gari ukiangalia mbele. Kulia, ile ya mbele ni namba 1, ya nyuma ni namba 2. Kushoto, ya mbele ni 3, ya nyuma ni 4. Mbele ni upande wa dereva, si upande wa mlango wa injini.

Toa kifuniko cha distributa. Kwa spana ya 21 zungusha injini kupitia nati ya dainamo hadi alama ya puli ikutane na mstari unaogawa keisi mara mbili, na rota ielekee kwenye mkato mdogo ulio ukingoni mwa distributa. Hapo silinda ya 1 iko tayari. Ingia chini, sukuma waya wa kifuniko cha roka (mikono inayosukuma valvu) ushuke, toa kifuniko. Ingiza fila ya 0.15 kati ya skrubu ya roka na valvu. Ipite ikikwaruza kidogo. Ikikataa au ikipwaya, legeza nati ya kufungia kwa spana ya 13, rekebisha kwa bisibisi, kaza nati, kisha pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huiburuta skrubu.

Ukimaliza ya 1, zungusha injini kinyume cha saa nusu mzunguko wa puli, upime silinda ya 2. Nusu nyingine, ya 3. Nusu nyingine, ya 4. Kurudi nyuma hivyo ndiko kunakokupa 1, 2, 3, 4 kwa mfuatano, kwa kuwa moto wenyewe unapiga 1-4-3-2.

Andika kila kipimo ulichokikuta kabla ya kurekebisha. Daftari hili ni daktari wako. Valvu ya kutoa moshi ya silinda ya 3 ikibana kila unapopima, ingawa uliiachia nafasi mara iliyopita, shina lake linarefuka kwa joto na siku moja kichwa kitakatika na kutoboa pistoni. Usiendeshe tena, hedi ishuke. Kinyume chake, nafasi ikizidi kupanuka upande mmoja, huenda stadi ya hedi, ile bolti ndefu inayoishika, inang'oka kutoka kwenye keisi na hedi inasogea nje. Ni silinda ya 3 inayoteseka zaidi kwenye injini za zamani kwa sababu kipoza oili kilikaa kwenye njia ya upepo wake. Volkswagen walikihamisha kwenye injini za miaka ya 1970.

Hatua ya nne: moto

Pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa, zifunguke milimita 0.4, plagi 0.6 hadi 0.7. Pointi zikiwa nyeusi na zenye kijiwe upande mmoja, badilisha pamoja na kondensa.

Taimingi, yaani wakati wa moto kupiga, ifanyiwe kazi kwa taa, si kwa sikio. Fundi anayezungusha distributa hadi injini "isikike tamu" anaipeleka mbele mno, na moto unaopiga mapema ni joto. Kama distributa yako ni ile isiyo na mrija wa hewa kutoka kabureta, cha muhimu ni taimingi ya juu kabisa: nyuzi 28 hadi 32 injini ikizunguka zaidi ya mizunguko 3,000. Puli za kawaida hazina alama hiyo. Zungushia utepe wa karatasi ukingo wa puli, pima urefu wake, gawanya kwa 12. Jibu ni nyuzi 30. Pima umbali huo kulia kwa ile alama ya puli uliyoitumia kwenye valvu, chora mstari mweupe, basi una alama yako. Distributa yenye mrija ina kipimo chake kulingana na namba iliyogongwa ubavuni mwake. Fuata hicho.

Hatua ya tano: mabati

"Boss, hii bati haina kazi, ni ya kuzuia matope tu." Ukisikia maneno hayo, chukua bati lako uondoke nalo.

Feni inavuta hewa baridi kutoka juu, inaisukuma kupita kwenye mapezi ya silinda, na hewa hiyo ikishapata moto inatokea chini ya gari. Mabati ndiyo ukuta unaotenganisha juu na chini. Palipo na tundu, hewa moto inapanda na kuvutwa tena na feni, na injini inajipika kwa pumzi yake yenyewe. Hapa juu hewa ni nyepesi na inabeba joto kidogo kuliko ya pwani, kwa hiyo huna nafasi ya kuchezea.

Pita kila sehemu hizi ukiwa na tochi. Ule mpira mrefu unaozunguka injini na kuziba nafasi kati yake na bodi. Vifuniko vya mpira vya waya za plagi. Mabati madogo yaliyo chini, kati ya silinda mbilimbili, ambayo hayaonekani bila kulala chini na ambayo ndiyo hupotea kwanza, na ndiyo yanayoulazimisha upepo kuikumbatia silinda pande zote. Kama hita zilitolewa, kwa kuwa Nairobi hatuna theluji, tundu mbili za mipira yake kwenye nyumba ya feni lazima zizibwe. Kama thamostati ilitolewa, milango ya hewa ndani ya nyumba ya feni ifungwe ikiwa wazi, isije ikajifunga yenyewe.

Bati lililopotea halikosi mtu wa kulikata. Mafundi wa Kamukunji wanaotengeneza masanduku na sufuria wanaweza kulikunja vizuri ukiwapelekea sampuli, hata kama ni ya kadibodi iliyopimwa kwenye gari la rafiki.

Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba ushuke kama milimita 15. Unarekebishwa kwa vijisahani vilivyo kati ya nusu mbili za puli ya dainamo: toa kimoja kutoka ndani ukiweke nje, mkanda unakaza. Mkanda huu ndio unaozungusha feni. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka barabarani, simama hapohapo, hata kama ni Uhuru Highway na matatu zinakupigia honi. Kwenye magari mengine taa hiyo inakuambia bateri itaisha. Hapa inaweza kuwa inakuambia feni imesimama.

Hatua ya sita: kabureta na mlima

Kabureta ya Solex iliyotoka kiwandani ilipangwa kwa hewa ya chini. Nairobi inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: moshi mweusi, plagi zenye masizi, petroli inayokwisha haraka. Kama jeti kubwa, kile kitundu kinachopima petroli, ina namba 127.5, jaribu 125, kisha 122.5, ukitazama rangi ya plagi baada ya safari. Kahawia ya udongo mkavu ndiyo unayoitaka. Jeti hiyo inafikika bila kung'oa kabureta: kuna skrubu ubavuni mwa bakuli, na jeti iko nyuma yake. Fanya injini ikiwa baridi, petroli itamwagika kidogo.

Hatari iko upande wa pili. Jeti iliyopunguzwa kwa ajili ya Nairobi ikishuka Mombasa inakuta hewa nzito, petroli inakuwa pungufu, na injini inachemka kwenye tambarare ambako ungedhani inapumzika. Weka jeti ya zamani kwenye kibweta, na mkisimama kula Mtito Andei acha injini ipoe, irudishe, ndipo mwendelee kushuka.

Sailensi isiyotulia, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga petroli, kwa kawaida ni hewa inayoingia pasipofaa. Nyunyizia maji viungo vya mirija ya kuingiza hewa, injini ikinguruma. Mngurumo ukibadilika, umepata tundu. Na kama una kisafisha hewa cha zamani cha kuogeshea vumbi kwenye oili, usikibadilishe na kile chepesi cha chuma kinachong'aa. Volkswagen zenye injini ya ukoo huu zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na vumbi la wakati huo halikuwa dogo.

Ikibidi kushusha

Chomoa bateri, toa kisafisha hewa, waya za dainamo, koili na swichi ya oili, kebo ya petroli na za hita. Bana mpira wa petroli kabla ya kuukata, kwa kuwa tangi liko juu na litajimwaga lenyewe. Weka kigogo imara chini ya gia boksi, maana injini ikitoka itabaki bila kitu cha kuiegemea nyuma. Nati mbili za juu, mbili za chini, zote 17, kisha ule mhimili wa nyuma. Injini ina zaidi ya kilo 100. Iwekwe juu ya jeki ya magurudumu, mtu mwingine akishika, ivutwe nyuma kwanza hadi shafti ichomoke kwenye klachi, ndipo ishuke. Ikilazimishwa kushuka mapema inapinda klachi.

Hedi zikishatoka, tazama nyufa kati ya valvu na tundu la plagi. Keisi itazame nyuma ya flaiwili, upande wa silinda ya 3. Stadi iliyong'oka isirudishwe kwa gundi. Kuna karakana za leti (mashine ya kuchonga chuma) Industrial Area na Kariobangi zinazoweza kuchonga uzi mpya na kuweka kikombe cha chuma, ambacho kitashika kuliko magnesi ya mwanzo.

Unapofunga: pistoni na silinda zinauzwa kwa seti, milimita 85.5, na mshale ulio juu ya pistoni uelekee flaiwili. Mirija ya fimbo za roka ivute kwanza irefuke hadi milimita 190 au 191 ili ibane sili zake, na mshono wake uangalie juu. Usipoivuta, itavuja oili kabla hujafika Ngara. Hakuna gasketi ya hedi ya kumsamehe mtu hapa. Nyuso zikiwa safi, kaza nati za hedi kwa duru, kidogo kidogo, hadi Nm 31 kama stadi ni za milimita 10, au Nm 25 kama ni za milimita 8. Aliyezoea hedi ya Toyota atasema hiyo ni laini mno. Mwache aseme.

Kabla ya kuwasha, acha plagi nje na upige stata hadi taa ya oili izime. Ndipo weka plagi, washa, angalia uvujaji. Oili uliyomwaga usiitupe mtaroni. Wenye boma na nguzo za miti watakuja kuichukua kwa ajili ya mchwa. Ukifika kilomita 500 badilisha oili, safisha chujio, pima valvu upya injini ikiwa baridi. Hadi hapo endesha kwa mwendo unaopanda na kushuka, na safari ya kwanza ya mbali iwe Thika. Ule mpando mrefu kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru uache baada ya kilomita 1,000, na siku hiyo upande kwa gia ya chini injini ikizunguka, kwa maana feni inazunguka kadiri injini inavyozunguka.